Diski Niliyoona Uvivu Kuifuta

Jamani, hiki kisa nilikuwa nimeapa sitakisimulia, maana kila nikikikumbuka masikio yananiwaka moto hata kwenye asubuhi zetu hizi za Lushoto ambazo mtu unaiona pumzi yako mwenyewe ikitoka, lakini kwa kuwa pale sokoni wameshanibandika jina la Mfufuaji (na wapo wanaoniita hivyo mbele ya wateja wangu, tena kwa sauti), nimeona bora niseme mwenyewe ilivyokuwa kuliko kumwachia kila mtu aongeze chumvi yake.

Mimi ni fundi kompyuta. Nina chumba kimoja cha duka hapa mjini, jirani na soko, natengeneza kompyuta, natoa nakala, napiga picha za paspoti, na kabla ya siku ile nilikuwa na maringo kidogo. Siyo kidogo. Nilikuwa na maringo. Kwetu hasa ni Lukozi, na mke wangu Eliwaza anaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya usharika wetu kule, basi kwaya ilipokaribia kutimiza miaka ishirini na tano wakapanga jubilei, waalike kwaya nyingine mpaka ya Mombo, na wakataka siku hiyo maneno ya nyimbo yaonekane ukutani kwa projekta ili kanisa zima liimbe. Projekta waliazima. Kompyuta hawakuwa nayo.

Ndipo Mama Naomi akajitokeza. Huyu ni mjane wa Mwalimu Shedrack, na Mwalimu Shedrack ndiye aliyeifundisha kwaya ile tangu siku ya kwanza hadi alipofariki, miaka miwili iliyopita. Akasema kompyuta ya marehemu ipo pale sebuleni imefunikwa kitambaa, haiwaki tangu mwenyewe alipokuwa mgonjwa, lakini kama fundi Elia, yaani mimi, anaweza kuifanyia chochote, aichukue, iwe ya kwaya. Nikaenda kuichukua. Ilikuwa kompyuta ya dukani, zile unazonunua nzima ndani ya boksi, jina la kampuni limebandikwa usoni, kila kitu kimefungwa tayari huko kiwandani. Nikaifungua nikakuta mazabodi, ile sahani kubwa ambayo kila kitu huchomekwa juu yake, imekufa. Fundi mwenye akili zake angewaambia kwaya tafuteni nyingine. Mimi nikawaambia nitavua viungo vilivyo hai, niviunge na mazabodi mpya yenye nguvu, nitoe kompyuta ambayo haipo kwenye duka lolote la hapa wala la Tanga. Nilisema hivyo mbele ya kamati nzima ya jubilei, nimekunja na mikono kifuani.

Wacha niwaambie kitu kuhusu kompyuta za dukani. Wale wanaozitengeneza hawataki uzichokoe. Pawa saplai yake, lile boksi linaloleta umeme, lilikuwa na plagi ya umbo lake lenyewe lisiloingia kwenye mazabodi yangu mpya, nikalazimika kuagiza nyingine Tanga ikaja na basi. Kasha lake nililipenda kwa sababu lilikuwa zuri, jeusi, bado linang'aa, lakini matundu ya skrubu hayakulingana na mazabodi, yalilingana mawili tu, nikafunga hayo mawili na kwingine nikasokomeza vipande vya boksi la karatasi chini yake ili chuma kisiguse chuma. Swichi ya mbele ya kuwashia nayo, waya wake una kichwa cha kampuni, hauingii popote. Nikasema hiyo si shida, kuna vijipini viwili kwenye mazabodi, ukivigusanisha kwa ncha ya bisibisi mashine inawaka vilevile, nitaitengeneza swichi baada ya jubilei. (Mnaona mambo yanavyokusanyika? Mimi sikuona.)

Ikabaki diski. Diski ya Mwalimu Shedrack ilikuwa nzima kabisa, na nyimbo zote za kwaya alikuwa amezichapa mle ndani, mstari kwa mstari. Utaratibu unajulikana, hata mwanafunzi wa chuo anaujua: ukihamisha diski kwenye mashine mpya unatoa vitu vya mwenyewe unavyovihitaji, unafuta, unaanza upya. Lakini ilikuwa Jumamosi mchana, jubilei ni kesho yake, mtandao siku ile unakuja na kuondoka, na mimi nikajaribu tu kuichomeka ilivyo, nikagusa vijipini na bisibisi, na ikawaka. Ikazungukazunguka, ikajitafuta, ikafunguka. Nilifurahi kiasi kwamba nilimwita jirani yangu wa duka la mbegu aje aangalie.

Eliwaza alikuwepo, amekuja kuchukua sare zake za kwaya kwa fundi cherehani. Akaona kwenye kioo kidirisha kidogo kimejifungua chenyewe pembeni, namba zinakimbia kama saa, akaniuliza kile ni nini. Nikamjibu bila hata kugeuka kwamba ni takataka za kampuni, kompyuta za dukani zinakuja na vitu kibao vinavyojifungua vyenyewe, kisha nikakifunga. Spika sikuwa nimechomeka. Akasema lakini ni vizuri ukikitazama kwanza, nikamwambia mke wangu, wewe imba, mambo ya kompyuta niachie.

Maneno hayo ananirudishia mpaka leo.

Jumapili asubuhi nikaifunga mashine kwenye blanketi, nikaipakata nyuma ya bodaboda kutoka mjini hadi Lukozi, na barabara ile mnaijua, kila shimo nilikuwa nalisikia kwanza kwenye magoti halafu kwenye moyo. Kanisani nikaiweka chini ya meza pembeni ya madhabahu, meza yenye kitambaa cheupe kinachofika sakafuni, maana kamati haikupenda waya zionekane. Nikaomba lile betri la akiba la ofisi ya usharika, linaloshikilia kompyuta umeme ukikatika, nikalichomeka hapo katikati. Nilisisitiza sana juu ya betri hilo. Nilisema siku kubwa kama hii hatuwezi kuaibishwa na umeme. Sauti nikaipeleka kwenye mitambo ya kanisa, kwenye zile spika mbili kubwa, na aliyekaa kwenye mitambo ni Joeli, ambaye ndiye mwalimu wa kwaya sasa baada ya Mwalimu Shedrack.

Ibada ikaenda vizuri. Kanisa limejaa, kwaya ya Mombo wamekaa upande wa kushoto wamejikunyata na vitenge mabegani kwa baridi yetu, Mama Naomi amewekwa benchi la mbele kabisa kama mgeni wa heshima, amevaa gauni la zambarau. Ikafika zamu ya wimbo wa jubilei. Wimbo wenyewe ni "Ukungu Umeondoka," na kama hujawahi kuusikia basi hujawahi kuhudhuria harusi wala msiba huku kwetu milimani, kila kwaya inauimba, na kila ukiimbwa husemwa kwanza ni utunzi wa Mwalimu Shedrack. Mchungaji akatangaza hivyohivyo, akaomba tumkumbuke marehemu, halafu akasema kabla hatujaimba fundi wetu Elia atuambie kidogo kuhusu kompyuta hii aliyoiunda kwa mikono yake.

Nikasimama na suti yangu. Nikasema Bwana asifiwe, wakaitikia, nikaeleza kwamba kompyuta hii imeundwa na viungo vya kompyuta ya Mwalimu mwenyewe, kwa hiyo ni kama vile Mwalimu bado anatumika pamoja nasi.

Nilisema hivyo. Kwa kinywa changu.

Kisha nikainama chini ya kitambaa, nikagusa vijipini, nikainuka nikijipangusa magoti. Projekta ikaanza kuonyesha rangi ya buluu ukutani, watu wakaguna kwa kuridhika, duara likazunguka. Halafu kwenye spika zile kubwa mbili mtu akakohoa.

Sijui nikuelezeeje kikohozi. Kila mtu ana chake. Kile kilikuwa cha kukohoa mara mbili fupi na moja ndefu, na kanisa lile lilikisikia kila Jumapili kwa zaidi ya miaka ishirini kabla ya wimbo kuanza. Halafu sauti ikasema, taratibu, kama mtu aliyekaa kitini: "Bwana asifiwe."

Na kanisa zima likaitikia "Amina." Kwa mazoea tu. Midomo iliitikia kabla vichwa havijafika, na baada ya ile amina ndipo ukimya ukashuka, ukimya wa watu kama mia tatu ambao wote wamegundua kwa pamoja wamemwitikia nani. Nilimwona mchungaji ameinua mkono nusu, ukabaki hapohapo. Mama mmoja wa kwaya ya Mombo akamuuliza jirani yake anayeongea ni nani, yule jirani, mtu wa kwetu, akamwambia ni marehemu, na yule mama akachukua mkoba wake akatoka nje moja kwa moja bila kugeuka nyuma. Mama Naomi hakusogea. Alikuwa ameshika leso, na ile leso ikateleza ikaanguka, na mkono ukabaki umekunjwa kama bado umeishika.

Mimi mwenyewe naapa kwa sekunde kadhaa niliamini. Mimi, fundi, niliyefunga skrubu zile kwa mkono wangu, niliamini Mwalimu amerudi.

Sauti ikaendelea. Ikasema leo ni Alhamisi, mazoezi yamekwisha, wamekuja kumi na tisa. Ikasema, "Joeli anashuka sauti, kila mstari wa tatu anashuka, na nikimtazama anajifanya anakohoa." Ikasema Eliwaza ana sauti nzuri sana ila hajui kama kuna watu wengine wanaimba. Hapo ndipo nikaelewa kwamba ni kumbukumbu za mazoezi, alikuwa akijirekodi, na kwamba ile takataka ya kampuni niliyoifunga jana haikuwa ya kampuni. (Baadaye Naomi, binti yao anayeishi Tanga, alitueleza kwa simu kwamba kisukari kilipomharibu baba yake macho hakuweza tena kuandika daftari lake la mazoezi, basi yeye akamfundisha kujirekodi, akapanga kompyuta ikiwaka tu imsomee ya mwisho, na mzee alikuwa akisikiliza kwa vile vya kuvaa masikioni, ndiyo maana hata mkewe hakujua anasema nini mle.)

Nikashika mauzi nifunge kile kidirisha. Mshale haukusogea. Mashine ilikuwa bado inahangaika kuwaka, imeganda, lakini sauti haikuganda. Nikamtazama Joeli kwenye mitambo, nikampungia mkono ashushe sauti. Joeli ameduwaa, mkono uko juu ya kitufe kabisa, hashushi. (Nilimuuliza wiki iliyofuata kwa nini hakushusha. Akaniambia alitaka kusikia kama amesema kitu kizuri pia.) Basi nikaona njia ni kukata umeme, nikaruka mpaka ukutani nikachomoa waya wa pale mezani, na taa ya projekta ikazimika ukutani, na lile betri langu nililolisisitiza likaanza kulia pii, pii, pii, na Mwalimu akaendelea kuongea.

Sasa nikapiga magoti, nikaingia chini ya meza. Nje kimebaki kile ambacho mtu akiingia chini ya meza hubaki nje, kanisa zima linakitazama. Mle ndani giza, waya zimesokotana, natafuta kwa kupapasa kitufe cha betri, na juu yangu sauti imebadilika. Imekuwa ya chini. Na maneno yale sitayasahau, nayasema kama yalivyokuwa.

"Jambo jingine. Ule wimbo wa Ukungu Umeondoka si wangu. Aliniletea Mama Rehema, umeandikwa kwenye daftari la mtoto wa shule, akaniimbia pale sebuleni wote, mwanzo mpaka mwisho. Mimi niliongeza sauti ya tatu na ya nne tu. Kitabu kilipochapwa nikaweka jina langu, na yeye hakuniuliza, na mimi sikumwambia. Nikipata nafuu nitasema mbele ya kwaya. Sijui nitaanzaje. Mama Naomi naye..."

Hapo kidole changu kikawa kimekipata kitufe. Nikakibonyeza kwa nguvu zangu zote, nikakishikilia, na kila kitu kikazima.

Nilibaki mle chini kidogo. Nilijua nikitoka nitakutana na nini, lakini sikujua kwamba nilichokifanya sasa hivi kilikuwa kibaya kuliko kile cha kwanza. Nilipotoka, tai imehamia begani, watu hawakuwa wananitazama mimi. Nusu ya kanisa ilikuwa inamtazama Mama Rehema, na nusu inamtazama Mama Naomi.

Mama Rehema ni mwimbaji wa sauti ya pili, mkulima wa karoti na kabichi, mwembamba, anasimama mstari wa nyuma tangu nimefahamu kwaya ile, na sidhani kama hata siku moja nimewahi kumsikia akisema zaidi ya salamu. Alikuwa amesimama na kitabu chake cha nyimbo, anakitazama. Mama Naomi yeye alikuwa mbele peke yake kwenye benchi lile la heshima, na nyuma yake minong'ono imeanza, kwa Kiswahili na kwa Kishambaa, na mnong'ono ulikuwa mmoja: kumbe mke naye alijua. Kwa sababu sentensi niliyoikata ilikuwa imeishia kwa jina lake.

Akasimama. Akaniambia kwa sauti ndogo, lakini kanisa lilikuwa kimya kiasi kwamba wa mlangoni alisikia: "Fundi Elia, washa. Amalizie."

Nikamwambia mama, samahani sana mama. Akasema sijakuomba samahani, nimekuomba uwashe.

Nikachomeka waya ukutani. Nikaivuta mashine kutoka chini ya meza ili nione vizuri, nikashika bisibisi, nikagusa vijipini. Kimya. Nikagusa tena. Kikasikika kitu kama kijiti kinavunjika, halafu harufu, ile harufu ya plastiki inayoungua ambayo fundi yeyote anaijua. Vile vipande vya boksi la karatasi nilivyoweka chini ya mazabodi vilikuwa vimesogea, sijui ni mashimo ya barabarani au ni mimi kuivutavuta, chuma kikagusa chuma, na mazabodi mpya yenye nguvu ikafa mbele ya usharika mzima pamoja na wageni wa Mombo. Nikamwambia Mama Naomi haiwezi kuwaka tena. Akachukua leso yake chini, akapita katikati ya mabenchi, akatoka, na hakuna aliyemfuata, hata mimi sikumfuata, na hilo ndilo linaloniuma kuliko suti na meza.

Wimbo haukuimbwa. Mchungaji alifunga kwa sala fupi na watu wakaenda kwenye pilau wakila huku wanaongea kwa chini. Mimi sikula. Eliwaza alikuja akakaa karibu nami nyuma ya kanisa, nikategemea ataniambia nilikuambia, lakini akauliza tu kama diski nayo imeungua.

Swali hilo ndilo lililoniamsha. Mazabodi imekufa, lakini diski huwa haifi kirahisi hivyo. Nikaenda kwa mchungaji, nikamweleza kwamba kesho dukani kwangu naweza kuichomeka kwenye kompyuta nyingine na sentensi ile ikasikika mpaka mwisho, ila siwezi kuisikiliza peke yangu, na siwezi kwenda kumwita Mama Naomi kwa uso huu. Akasema atamwita yeye. Akasema pia Mama Rehema lazima awepo.

Jumatatu walikuja wote watatu, wameshuka na gari dogo la asubuhi kutoka Lukozi. Nikamwamkia Mama Naomi shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Wale mama wawili walikuwa hawajasemezana njia nzima, mchungaji aliniambia baadaye, alikaa katikati yao. Nikafunga mlango wa duka, nikaichomeka diski, safari hii sikugusa kitu bila kusema ninagusa nini. Nikatafuta mahali pale pa mwisho. Sauti ikasema tena yale ya daftari la shule, na Mama Rehema akainamisha kichwa, halafu tukafika nilipokata, na mimi nikashika ukingo wa meza.

"Mama Naomi naye hajui. Sijamwambia. Yeye akiusikia ule wimbo ananitazama kwa namna ambayo hanitazami siku nyingine, nami naogopa nikisema hatanitazama hivyo tena. Basi. Mazoezi Jumanne."

Kikasikika kiti kinasogezwa, na ikaisha.

Nilidhani Mama Naomi atashukuru, jina lake limesafishwa. Hakushukuru. Nje gari la mboga linapakia, watu wanapiga kelele za magunia, naye akasema, "Kumbe alikuwa ananiogopa." Akarudia, "Miaka yote hiyo alikuwa ananiogopa mimi." Na mimi niliyekuwa nimesimama pale nikatamani ningeikata sentensi mapema zaidi, au nisingeikata kabisa, au nisingeisikia kamwe, sikujua hata ninatamani nini.

Kisha akamgeukia Mama Rehema, akamuuliza kwa nini hakusema. Mama Rehema akajibu polepole, nusu kwa Kishambaa. Alisema hakuwa na hasira siku zote. Alisema, "Kila walipouimba niliusikia. Siku nyingine ilinitosha. Siku nyingine haikunitosha."

Mama Naomi hakumwomba msamaha kwa niaba ya mumewe, wala Mama Rehema hakusema imeisha. Lakini kurudi Lukozi walikaa pamoja, mchungaji akakaa mbele na dereva.

Jumapili iliyofuata mchungaji alisimama akaeleza sentensi ile iliishaje, kwa ruhusa ya Mama Naomi, na akasema wimbo ule sasa utatajwa kwa jina la mwenyewe. Kwaya ikauimba bila projekta, kwa vitabu. Joeli aliposema utunzi wa Mama Rehema, Mama Rehema aliangalia chini, na nilipomtazama Mama Naomi alikuwa anauimba, ila mstari mmoja mmoja alikuwa ananyamaza. Diski nilimrudishia yeye, na kwaya nikawanunulia kompyuta iliyotumika lakini nzima, ya dukani, ina swichi yake mbele, sikuifungua hata skrubu moja.

Jina la Mfufuaji nimelikubali. Watu wengine wananiambia eti nilifanya jambo jema, la sivyo siri ingekaa milele. Nawaambia hapana, mimi sikufanya jema lolote, niliona uvivu. Aliyekuwa na jambo la kusema alisema anatafuta namna ya kuanza, na mimi nikamwanzishia mbele ya watu mia tatu, halafu nikamkata katikati. Nimeapa kwamba diski ya mtu, hata kama ya dukani, hata kama wamesema hakuna kitu, siichomeki popote mpaka mwenyewe au mtu wake awe amekaa karibu yangu anaangalia.

Juzi alikuja mwalimu mmoja wa sekondari na kompyuta yake ya zamani, anataka nivue diski na ramu nimuungie mpya. Akasema chukua tu fundi, mle hamna kitu, mimi nina kipindi. Nikamvutia kiti, nikamwambia akae dakika tano. Akakaa, ananung'unika anatazama saa. Nikaiwasha, tukaitazama pamoja ikifunguka, na lilipotokea faili la kwanza mwalimu yule akavua miwani, akaniomba kama naweza kumpisha nikasimame nje kidogo.

Nikatoka, nikamfungia mlango.